Mpini wa kisu: kuutengeneza upya

Mpini ni sehemu ya kisu inayoshikwa mkononi, na kwa kawaida ndiyo inayotangulia kuchakaa. Bapa la chuma kizuri hunolewa miaka na miaka, lakini mpini wa mti hupasuka, hulegea au huachana na msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani yake. Wengi huamini kwamba uimara wa mpini mpya hutokana na uzuri wa mti au ustadi wa kuuchonga. Kwa hakika kinachoamua ni maji: yaliyomo ndani ya mti siku ya kuufunga, na yatakayopenya baadaye.

Ushahidi umo katika kisu chochote cha jikoni kilichozeeka. Vichwa vya ribiti vikiondolewa kwa tupa na ribiti zikatolewa, huonekana unga wa kahawia kati ya mti na msuka, na chuma kimeliwa vishimo kuzunguka matundu, ilhali bapa, ambalo huoshwa na kufutwa, ni zima. Maji yaliyoingia humo hayakupata njia ya kukauka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huusukuma mti kando, ufa ukapanuka na maji mengine yakaingia. Mara nyingi mlango wa kwanza hufunguliwa na mti wenyewe. Mti mbichi huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana; unaopungua ni upana. Chuma hakisinyai pamoja nao, basi kibao kilichofungwa kibichi hupasuka kwenye mstari wa ribiti au huacha mwanya pembeni mwa msuka.

Kwa sababu hiyo mninga mkavu ni chaguo la busara kuliko sifa zake zinavyodokeza. Husinyaa kidogo sana na hutulia hata hewa ikibadilika. Wapo watakaoutetea mpingo, nao wana haki: ni mgumu, huzama majini kwa uzito wake, na hung'aa bila rangi. Lakini hukauka polepole mno, hupasuka ncha, na mafuta yake huzuia gundi isishike, hivyo uso wake hufutwa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupakwa. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Fundi ajifunike pua. Mwenye kipande cha mpingo kilichokaa kivulini miaka kadhaa akitumie. Mwenye kilichokatwa juzi akiweke.

Kazi yenyewe hufuata hoja hiyohiyo. Msuka husuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae. Vibao viwili hukatwa kutoka ubao mmoja, nyuzi zikifuata urefu wa mpini, na matundu hutobolewa kwa kufuata yale ya msuka. Gundi ya epoksi hupakwa pande zote, hata ndani ya matundu, maana kazi yake kubwa ni kuziba. Kisha vibao hubanwa kwa jiliwa, lakini likikazwa mno huikamua gundi yote nje. Ribiti za shaba hazishiki kutu. Umbo liwe la yai, si duara, ili mkono uliolowa mafuta ya nyama ujue makali yanaelekea wapi bila jicho kutazama. Na upana wa kiganja cha mtumiaji ndio uamue urefu. Mwisho mpini hunyweshwa mafuta ya kitani mara kadhaa. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandazwe yakauke, kwani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Itasemwa kwamba wahunzi wamefunga mipini karne nyingi bila epoksi, kwa kuupasha moto msuka mwembamba na kuuchomeka ndani ya mti, kisha wakaubana mdomo wa mpini kwa noleo, ile pete ya chuma. Ni kweli, na njia hiyo bado inafaa, kwa kuwa moto hukausha ukuta wa tundu na noleo huzuia ufa. Hatari yake iko kwenye makali. Chuma cha kaboni kilichosafishwa hugeuka njano kwenye nyuzi joto za Selsiasi mia mbili na kitu, kisha buluu karibu na 300. Buluu hiyo ikifika kwenye makali, ugumu umepotea. Bapa lifungwe kitambaa kilicholowa maji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba visu vipya ni rahisi. Kwa kisu cha bati jembamba, hoja hiyo inasimama. Haisimami kwa kisu cha bucha au cha kuchinjia chenye chuma kinene, ambacho thamani yake yote imo katika bapa. Apimaye aangalie msuka: ukiwa umeliwa na kutu zaidi ya nusu ya unene wake, kisu hicho hakistahili mpini mpya.