Babar, tembo wa vitabu, na tembo wa kwetu

Ukimuuliza mtoto wa Majengo aliyezoea vitabu vya Kifaransa tembo ni mnyama gani, usishangae akikujibu: "Njo ule wa kuvaa kostimi ya kijani na taji." Anamsema Babar. Mtoto huyo hajamwona tembo kwa macho yake, na wengi kati ya wazazi wake hawajamwona pia, ingawa uwanda wa Rwindi, ndani ya Parki ya Virunga, uko kilomita mia moja na kitu tu kaskazini ya Goma. Tembo wa karatasi alitoka Paris akafika mpaka nyumbani kwetu. Tembo jirani yetu hakufika. Tunapenda kuonyesha hapa namna gani mambo hayo yalitokea, na juu ya nini yanatuhusu.

Babar alizaliwa katika kinywa cha mama. Mwaka 1930, huko Ufaransa, Cécile de Brunhoff aliwasimulia watoto wake wawili, Laurent na Mathieu, hadithi ya mtoto wa tembo. Watoto walimpelekea baba yao, Jean, aliyekuwa mchoraji, naye akaitia katika picha. Kitabu cha kwanza kilitoka Paris mwaka 1931: kitabu kikubwa, chenye maandishi ya kuunganisha, sawa yale yanayofundishwa katika kalasi ya kwanza. Jean alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1937, akiwa na miaka 37. Laurent alishika kazi ya baba yake tangu 1946, akaifanya mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 98. Basi, mwanzo wa Babar haukuwa siasa. Ulikuwa mama na watoto wake, kama vile hadithi za kwetu zinavyoanza.

Lakini tukumbuke hadithi yenyewe. Babar yuko mgongoni mwa mama yake, msituni. Muwindaji anafyatua bunduki, mama anakufa. Babar anakimbia, anafika mjini. Mama Mzee mmoja, tajiri, anampatia pesa za kununua nguo, anamlaza kwake, anamfundisha hesabu, anampa motokari. Kisha binamu zake, Céleste na Arthur, wanafika bila nguo, Babar anawavalisha. Siku ya kurudi, vijana wanapanda motokari, na mama zao, kwa kukosa nafasi, wanakimbia nyuma huku wameinua mikonga ili wasimeze vumbi. Huko kwao mfalme mzee amekwisha kufa kwa kula uyoga mbaya. Tembo wanamchagua Babar, juu ametoka mjini na amejifunza mengi.

Mtu wa Kivu akisoma hayo lazima aulize swali moja ambalo kitabu hakiulizi: pembe za yule mama zilienda wapi?

Swali hilo ni historia yetu. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar ilivuka Tanganyika ikaingia Maniema kutafuta pembe. Hamed bin Muhammed, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo. Pembe zilibebwa begani na watu, wengi wao watumwa, mpaka pwani. Katika njia hizo hizo ndimo Kiswahili kilimoingia mashariki ya Kongo, kile kilichoitwa Kingwana. Hata lugha tunayoandikia hapa ilifuata nyayo za tembo aliyeuawa. Baadaye Leopold wa Pili aligeuza njia: pembe zikashuka mto Kongo mpaka Antwerp, mji uliokuwa kati ya masoko makubwa ya pembe duniani.

Leopold alitaka zaidi ya pembe. Alitaka tembo afanye kazi. Mwaka 1879 alileta tembo wane kutoka India. Walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakaelekezwa Tanganyika, wote walikufa. Kisha, kuanzia mwaka 1900 hivi, ofisa Mbelgiji Laplume alianza kukamata watoto wa tembo huko Uele, na kazi hiyo ikaja kukaa Gangala-na-Bodio, karibu na ilipoundwa Parki ya Garamba mwaka 1938. Mtoto alitengwa na kundi, akafungwa kamba, akazoezwa kuvuta gari na jembe. Katika siku za mwanzo, mama aliyegeuka kumtetea mtoto wake aliweza kupigwa risasi. Kwa hiyo, wakati watoto wa Paris walipofungua kitabu mwaka 1931, mtoto wa tembo aliyenyang'anywa mama akafunzwa adabu ya wazungu alikuwako kweli, na alikuwa katika inchi yetu.

Na watu je? Wazee wetu waliambiwa vilevile. Mwaka 1948 utawala wa Ubelgiji ulianzisha kadi ya sifa kwa wale walioitwa évolués, na mwaka 1952 ukaongeza matrikule. Ili kuipata, mtu alichunguzwa mpaka ndani ya nyumba: anakula namna gani, anavaa namna gani, bibi yake anaishi namna gani. Ukiweka picha ya Babar mbele ya kioo, amevaa kostimi yake, karibu na habari hizo, hauhitaji mwalimu wa kukufasiria. Angalia pia Célesteville, mji anaoujenga katika kitabu cha 1933: nyumba ndogo zinazofanana, kwa mistari, na juu yake nyumba mbili kubwa, moja ya mfalme na moja ya Mama Mzee. Sisi wa Majengo, ambao jina la kartie yetu maana yake ni nyumba zilizojengwa, tunaujua mpango wa namna hiyo: ville huku, cité kule.

Hatusemi kwamba de Brunhoff alikaa akapanga kuwatukana Waafrika. Lakini picha zina dhambi zake. Laurent mwenyewe alitambua hilo: kitabu chake cha 1949 juu ya pikiniki ya Babar kilikuwa na picha za aibu za watu weusi, na baadaye aliomba kisichapwe tena. Mtu anayekiri kosa lake anastahili heshima.

Basi tumfukuze Babar? Hapana. Mtoto anayelia ukurasa ule mama anapokufa amejifunza kitu cha kweli. Tunachoomba ni kwamba asibaki peke yake. Wazee wetu walikuwa na tembo mwingine: yule ambaye sungura alimfunga kamba upande mmoja na kiboko upande wa pili, wakavutana mpaka jioni, kila mmoja akidhani anashindana na sungura. Tembo huyo hakuvaa suruali ili awe na akili au awe mjinga. Alikuwa mkubwa wetu, tukamcheka na kumwogopa.

Na yule wa nyama na damu hajaisha. Vita na majangili walipunguza sana tembo wa Virunga, parki iliyoundwa mwaka 1925. Lakini mwaka 2020 tembo karibu 580 walivuka kutoka Uganda wakarudi upande wetu. Walirudi kwao bila motokari na bila taji.

Mzazi anayesoma Babar jioni na afanye mambo mawili: amuulize mtoto habari za zile pembe, kisha afunge kitabu na amsimulie ya sungura na kamba. Kama ameisahau, mzee wa jirani bado anaijua. Aende kumuuliza mapema.