Mtambo Unaotaka Umati: Magazeti na Lugha za West Nile

Historia ya magazeti ya Afrika Mashariki imezoea kupimwa kwa kasi ya mitambo. Kampuni ikinunua mtambo mpya, ununuzi wenyewe huwa habari: nakala ngapi kwa saa, kurasa ngapi za rangi, fedha kiasi gani. Mwaka 2016, Nation Media Group ilipozindua kiwanda chake kipya cha uchapaji kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, kilichogharimu takribani shilingi bilioni 2 za Kenya, sifa iliyotangulia nyingine zote ilikuwa uwezo wa kuchapa zaidi ya nakala 80,000 kwa saa. Kipimo hicho si cha uongo. Dakika anazookoa mchapaji ndizo zinazompa mhariri nafasi ya kusubiri matokeo ya mechi ya usiku, na dereva nafasi ya kuondoka mapema. Lakini msomaji wa Ludara, wilayani Koboko, mahali ambapo Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini, ana swali jingine: gazeti hilo limechapwa kwa lugha ya nani? Hoja yangu ni kwamba mtambo wa rotari, pamoja na manufaa yake yote, umekuwa mwamuzi wa kimya wa lugha zipi zipate gazeti, na kwamba lugha za West Nile, eneo hilo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, zimeshindwa mbele ya mwamuzi huyo kwa sababu za hesabu, wala si kwa sababu ya upungufu wa watu wake.

Hesabu yenyewe imo ndani ya mashine. Mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, uliochapa The Times ya London mwezi Novemba 1814, ulitoa karatasi 1,100 kwa saa huku herufi zikiwa bado zimelazwa bapa. Richard Hoe wa New York alizifunga herufi kwenye silinda inayozunguka, na kufikia 1847 mashine yake hiyo ya rotari ilikuwa ikitoa nakala 8,000 kwa saa. Baada ya hapo karatasi ikaacha kulishwa mojamoja, ikawa inatiririka kutoka kwenye gombo kubwa. Katika ofseti ya leo, kila ukurasa wa rangi unataka mabamba manne: la samawati, la waridi, la manjano na la nyeusi. Mtambo ukianza kuzunguka, rangi hizo huwa hazijakutana. Uso wa waziri una kivuli cha pili, vichwa vya habari vina ukungu, wino umezidi upande mmoja wa ukurasa. Wachapaji hurekebisha huku karatasi ikiendelea kukimbia, hadi picha itulie, na kila nakala iliyotoka kabla ya hapo ni taka. Mabamba, karatasi iliyoharibika na muda wa kuandaa mtambo hulipiwa kwa kiasi kilekile, liwe ni gazeti la nakala 3,000 au la nakala 40,000. Zikiwa 40,000, gharama hiyo husambaa hadi isionekane. Zikiwa 3,000, inaweza kumeza bei yote anayolipa msomaji. Kadiri mtambo unavyokuwa mkubwa, ndivyo unavyotaka umati ili uweze kujilipia.

Tabia ya maandishi ya kuchapwa kutaka umati ilionekana katika eneo hili kabla hata rotari haijahusika. Mwaka 1928, wakoloni, wamisionari na wataalamu wa lugha walikutana Rejaf, kando ya Nile, upande wa Sudan, na wajumbe kutoka Uganda na Kongo ya Wabelgiji walihudhuria. Mkutano ulichagua lugha chache za makundi za kuandikiwa vitabu vya shule, zikiwemo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kishiluki, Kilotuko na Kizande. Kikakwa, lugha ya Koboko, kikahesabiwa kuwa tawi la Kibari. Kiisimu uamuzi huo una msingi, kwani lugha hizo ni ndugu. Hata hivyo, sababu ya kuchagua lugha chache haikuwa isimu peke yake. Kitabu kinachosomwa na watu wachache ni ghali, na lugha ndogo ikaombwa ijifiche chini ya kubwa ili ipate karatasi.

Magazeti ya Kampala yalifuata mantiki hiyohiyo. Uganda Argus lilianza 1955 kwa Kiingereza, likageuzwa Voice of Uganda wakati wa Idi Amin, likawa Uganda Times mwaka 1979, na mahali pake pakachukuliwa na New Vision mwaka 1986. Kampuni hii mpya, iliyokuwa mali ya serikali, ilifanya jambo la kupongezwa: ilianzisha magazeti ya lugha za mikoa, Orumuri kwa watu wa magharibi, Etop kwa Wateso, Rupiny kwa wasemaji wa Kiluo wa kaskazini, na Bukedde la Kiganda lililoanza 1994. Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililoandikwa kwa lugha za West Nile kama Kilugbara, Kimadi au Kikakwa. Kisha janga la korona lilipobana mapato mwaka 2020, matatu yalisimamishwa na Bukedde likabaki. Bukedde lilikuwa na umati uliokuwa karibu na mtambo. Mengine yalikuwa yakibebwa, na mzigo ulipozidi yakatuliwa.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni umaskini na uchache wa wasomaji, wala mtambo hauna kosa. Ukweli fulani umo humo, lakini hautoshi. Sensa ya 2014 ilihesabu Walugbara zaidi ya milioni moja na Wateso zaidi ya milioni mbili. Ikiwa watu milioni mbili hawakutosha kuliokoa Etop, basi kizingiti kimewekwa na gharama ya kuchapa, si na idadi ya watu. Wala si kweli kwamba watu wa West Nile hawana kiu ya habari kwa lugha zao. Biblia nzima ya Kilugbara ilitoka 1966. Radio Pacis, iliyoanzishwa na Dayosisi Katoliki ya Arua, West Nile, mwaka 2004, hutangaza kwa Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kikakwa, na mwaka 2007 ilipata tuzo ya BBC ya redio bora mpya barani Afrika. Redio ilifanikiwa palepale gazeti liliposhindwa, kwa kuwa msikilizaji wa ziada hagharimu kitu, na kugeukia lugha nyingine ni suala la saa ya kipindi tu. Watu ni walewale, umaskini ni uleule. Kilichobadilika ni hesabu ya mashine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja: lugha zikiwa nyingi hivi, kwa nini West Nile isisome Kiswahili, ambacho kimezoeleka huko kupitia jeshi, biashara na majirani wa Kongo? Tanzania ni ushahidi kwamba njia hiyo hufanya kazi. Gazeti la Dar es Salaam husomeka Kigoma na Mtwara bila kubadilishwa neno, kwa hiyo mtambo mkubwa hupata umati wake na msomaji wa mbali hufaidi. Lakini Uganda ilitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, ikakifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya 2005, na bado kampuni mbili kubwa za magazeti za Kampala hazikujenga gazeti la kila siku la Kiswahili. Tangazo haliumbi soko. Tanzania ilitangulia kujenga shule na utawala kwa lugha hiyo, ndipo mitambo ikavuna. Ningefurahi kuliona gazeti la Kiswahili likiuzwa Arua na Koboko kila asubuhi. Hata hivyo, lisiwe sababu ya kurudia Rejaf, pale lugha moja ilipopewa karatasi kwa kuinyima nyingine.

Njia nyingine ni kuchapa karibu na msomaji, na wapo watakaosema kwamba kiwanda cha uchapaji Arua ni ndoto. Zamani walikuwa na haki: kwa miaka mingi mji ulitegemea jenereta, na bwawa la Nyagak lililoanza kazi 2012 lina megawati 3.5 tu kwa eneo zima. Leo gridi ya taifa imefika, na mashine za kidijitali huchapa bila mabamba, hivyo nakala mia tano hazibebeshwi gharama ya maandalizi ya nakala elfu arobaini. Kila nakala hugharimu zaidi kuliko ya rotari, lakini kinachopotea kwenye nakala mojamoja huokolewa kwenye mabamba, taka na safari ya karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Kwa hiyo uboreshaji wa viwanda vya magazeti usipimwe tena kwa kasi pekee. Mtambo mpya unapotangazwa, serikali, wenye hisa na wasomaji waulize pia idadi ndogo kabisa ya nakala unayoweza kuchapa bila hasara, kwa sababu katika nchi yenye lugha nyingi kama Uganda, ni tarakimu hiyo inayoamua nani atasoma habari zake kwa lugha yake.