Namna kibanda cha mboga kinavyoweza kushindana na supamaketi

UCHUMI ilifunga milango mwaka wa 2006 kabla ya kufufuliwa. Nakumatt na Tuskys nazo zikaporomoka zaidi ya mwongo mmoja baadaye, zikiwaacha wafanyabiashara waliozipelekea bidhaa wakidai pesa zao. Kibanda cha mama mboga, ambacho wengi walitabiri kingemezwa na maduka hayo, kingali kipo.

Sababu si fumbo. Mama mboga huuza nyanya mbili na kitunguu kimoja, humkatia mteja sukuma wiki, humkopesha hadi mwisho wa mwezi na hufunga usiku baada ya watu kutoka kazini. Hata hivyo, Naivas na Carrefour, iliyoingia nchini mwaka wa 2016, zimezidi kusogea karibu na mitaa ya makazi, na kujuana na mteja pekee hakutoshi.

Pengo kubwa limo katika ununuzi. Kila mchuuzi hurauka peke yake kwenda Marikiti jijini Nairobi au Kongowea mjini Mombasa, hulipa nauli na mkokoteni, kisha hurejea na kreti la nyanya ambalo sehemu yake itaoza kabla ya kuuzwa. Viazi navyo huja kwa lumbesa. Kanuni za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Lumbesa humpunja mkulima kwanza, lakini hata mchuuzi hufumbwa macho: asiyejua uzani wa gunia hajui kilo moja imemgharimu pesa ngapi, na bei anayoitisha ni ya kubahatisha.

Wachuuzi watano walio katika chama kimoja cha kuzungushiana pesa wanaweza kumtuma mmoja wao sokoni kwa zamu, wakodi gari moja na kugawana kreti hilo siku iyo hiyo. Ni ajabu kwamba wanaoaminiana kwa akiba mara nyingi hawaaminiani kwa nyanya. Mizani iliyopigwa muhuri na maafisa wa vipimo huzima ugomvi wa kugawana, na humwonyesha mteja kwamba hapunjwi.

Simu nayo ina faida kubwa zaidi ya kupokea malipo ya M-Pesa. Mteja akiagiza jioni kwa WhatsApp, au kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya mulika mwizi, mchuuzi huenda sokoni akijua kilichokwisha kununuliwa, na hasara ya kuoza hupungua. Mizigo ya majirani wa ploti moja hupelekwa pamoja na bodaboda mmoja. Huduma ya Pochi la Biashara hutenga pesa za mauzo na za nyumbani, ila madeni bado yahitaji daftari na kikomo.

Chini ya Katiba ya 2010, masoko na leseni za biashara ni jukumu la kaunti. Kibanda kinapobomolewa bila mahali mbadala palipo karibu, wateja hao wa jioni hununua kwingine kesho yake.