Kaseti na Haki ya Mtunzi katika Kongo

Neno uharamia lilihusu kwanza unyang'anyi; leo latumika pia kwa kitendo cha kunakili wimbo wa mtu na kuuuza pasipo idhini yake. Katika Kongo, hasara ya kitendo hicho ilidhihirika hasa kaseti ilipoenea katika miaka ya 1970.

Kabla ya hapo biashara ya muziki ilikuwa mikononi mwa wenye studio. Mwaka 1948 Mgiriki mmoja wa Léopoldville, Nicolas Jéronimidis, alianzisha kampuni ya Ngoma. Baadaye zikaja Opika na Loningisa. Kunakili santuri kulihitaji mitambo ya kiwanda, hivyo wezi walikuwa adimu. Lakini isidhaniwe kwamba mtunzi alikuwa salama. Mara nyingi alilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, na faida ya mauzo yaliyofuata ikabaki kwa mwenye kampuni.

Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, iligeuza hesabu zote. Mwenye kampuni aligharimia studio, wanamuziki, malighafi ya kutoka ng'ambo na usafiri. Mnakili alihitaji kaseti tupu na umeme. Santuri ya Kinshasa ilisafiri kwa mto na reli, au kwa ndege, kabla ya kufika Lubumbashi, ambapo nakala moja ilitosha kuzaa mamia sokoni. Bidhaa halali ingeshindaje bei ya namna hiyo? Wafanyabiashara walilalamika kwa haki, ingawa baadhi yao ndio waliokuwa wamewazoeza watunzi kutotazamia kitu baada ya malipo ya kwanza.

Dola haikukaa kimya. Mwaka 1969 iliundwa SONECA, chama cha kukusanya malipo ya watunzi na kuwagawia. Kisha amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 ikahifadhi kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. (Uvumbuzi na alama za biashara vilikwisha kupata sheria yake tarehe 7 Januari 1982.) Ugumu ulikuwa katika ushahidi: mtunzi asiye na mkataba mkononi atamshtaki nani, naye mwenye nakala hana duka wala jina?

Mwaka 2011 SOCODA ilichukua nafasi ya SONECA. Kaseti ilikuwa imekwisha kupitwa. Nyimbo zilipakiwa kwenye simu, kando ya barabara, kwa malipo ambayo hayakumfikia mtunzi.