Kilwa ipi? Mji mmoja uliohama mara mbili

Panda basi la kusini pale Dar es Salaam, mwambie kondakta unaenda Kilwa, naye atakurudishia swali: Kilwa ipi? Hakutanii. Kuna Kilwa Kisiwani, kuna Kilwa Kivinje, kuna Kilwa Masoko. Ya kwanza ni kisiwa chenye magofu uliyoyaona kwenye kitabu cha historia. Ya pili ni mji mkongwe wa bara, wenye majengo ya zamani yanayobomoka taratibu. Ya tatu ndiyo makao makuu ya wilaya, yenye ofisi na kiwanja cha ndege. Ukisimama kwenye gati la Masoko unakiona kisiwa ng'ambo ya mkondo, kama kilomita mbili hivi. Kivinje iko kaskazini, safari fupi tu kwa gari.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kilwa ilianguka. Sababu? Wareno. Unaandika hivyo, unapata alama, unasonga mbele. Mimi neno hilo "kuanguka" halinitoshi, kwa sababu linatuzuia kuuliza swali tamu zaidi: kwa nini jina lilelile likaibuka tena pembeni, halafu likaibuka tena? Simaanishi kwamba siku moja watu wote walikunja mikeka wakavuka. Kilichohama ni kazi ya mji: soko, forodha, serikali, pesa. Na kila ilipohama, kuna watu walikuwa wamepima faida na hasara za sehemu mbili, kama wewe unavyopima leo kati ya chumba cha mjini chenye kodi kubwa na cha pembeni chenye nauli kubwa.

Tuanze na kisiwa. Hadithi ya chimbuko lake, iliyohifadhiwa katika tarikh ya Kilwa, inasema Ali bin al-Hasan alifika kwa merikebu akakikuta kisiwa kina mwenyewe, mtawala wa bara. Akakinunua kwa nguo, nyingi za kutosha kukizungushia kisiwa chote. Muuzaji akapokea, akaondoka, huku moyoni akipanga kurudi maji yakipwa ili avuke kwa miguu na kukichukua tena. Mnunuzi akashtuka mapema: mkondo ukachimbwa, maji yakazidi kina, njia ikakatika. Wanaakiolojia hawaichukui hadithi hii kama taarifa ya polisi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alionyesha kwamba watu waliishi pale kabla ya utawala huo unaojinasibisha na Shirazi. Lakini itazame kwa jicho la mtu anayechagua pa kuishi. Katika hadithi nzima hakuna anayesifia udongo wala mandhari. Kinachonunuliwa ni maji yanayozunguka.

Sasa utauliza, na ni swali la haki: kisiwa kimezungukwa na chumvi, watu walikunywa nini? Hapa fizikia kidogo inahitajika. Mvua ikinyesha juu ya mwamba wa matumbawe, maji hupenya chini mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyoingia kwenye mwamba huohuo. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa gramu 1,000. Ya bahari ina kama 1,025. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji baridi yaelee juu ya maji chumvi, yakijikusanya kama lenzi, nene katikati ya kisiwa na nyembamba ukingoni. Hesabu yake inashangaza: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 chini yake. Ndiyo maana kisiwa kinaweza kuwa na visima vya maji ya kunywa. Ila kuna sharti. Ukichota kupita kiasi, au ukichimba kina kirefu mno, chumvi inapanda. Yaani kisiwa kinakupa maji kwa kipimo, na kipimo hicho kinaamua ni watu wangapi wanaweza kuishi juu yake.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili. Merikebu kutoka Uarabuni au India ilishuka na kaskazi, ikauza, ikanunua, ikarudi na kusi. Lakini kadiri unavyozidi kwenda kusini ndivyo kaskazi inavyolegea. Kilwa, karibu na latitudo ya digrii 9 kusini, ilikuwa kwenye mpaka: nahodha aliweza kufika na kurudi kwao ndani ya mwaka mmoja. Akisogea mbele zaidi kufuata dhahabu, alijihatarisha kukwama msimu mzima ugenini, mabaharia wakila na mzigo ukioza. Dhahabu yenyewe ilitoka nyanda za Zimbabwe na kupitia Sofala, mbali kusini. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifia mji kwa uzuri, aliambiwa na mfanyabiashara mmoja kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi. Hivyo watu wa Kilwa wakajiweka katikati. Wao waliileta dhahabu mpaka kwao, wageni wakaikuta pale. Ukitembea leo Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali la bahari, unatembea juu ya faida iliyotokana na upepo kuishia mahali fulani.

Hasara zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Pembe za ndovu, mbao na nafaka nyingi vilitoka bara, kwa hiyo mwenye kisiwa alihitaji maelewano na mwenye bara. Hilo lilivumilika. Lililoua mizani ni jingine: uzio wa maji unamzuia adui anayekuja kwa miguu, lakini kwa adui anayekuja kwa meli yenye mizinga uzio huohuo ni barabara. Julai 1505 Francisco de Almeida aliingia na kundi la meli za Ureno, mji ukatekwa na kuporwa, ngome ikajengwa. Wareno wenyewe waliiacha ngome hiyo mwaka 1512, kwa sababu dhahabu waliyoitaka waliifuata moja kwa moja Sofala. Meli zao hazikuhitaji tena mtu wa kati. Kisiwa hakikupoteza maji yake, wala bandari yake, wala upepo wake. Kilipoteza sababu iliyovifanya viwe na thamani.

Watu waliendelea kuishi pale, na biashara haikufa kabisa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, wa kumuuzia watumwa waliopelekwa Île de France, yaani Mauritius ya leo. Baadaye Waomani wakaichukua Kilwa, na kufikia miaka ya 1840 usultani wa kisiwani ulikuwa umekwisha. Lakini wakati huo mji wenye pesa ulishakuwa Kivinje.

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu. Ukiangalia ramani ya bahari, Kivinje ni chaguo la ajabu. Kisiwani kuna kina kizuri, mahali pa meli kutia nanga kwa usalama. Kivinje kuna ufuko mpana wa matope na mikoko, na maji yakipwa bahari inakimbia mbali kabisa. Nani anaacha bandari ya aina ile kwa tope?

Jibu ni kwamba nilikuwa napima kwa macho ya nahodha wa meli ya chuma. Jahazi halihitaji kina. Linaingia maji yakijaa, linapwelewa, linakaa juu ya tope, na wapakizi wanatembea mpaka ubavuni mwake na mzigo begani. Maji ya bamvua yakirudi, mita tatu na zaidi, linaelea lenyewe na kuondoka. Kwa chombo cha namna hiyo, tope ni gati lisilo na gharama. Na upande wa pili wa biashara ulikuwa umebadilika. Bidhaa haikuja tena kwa bahari kutoka Sofala. Ilikuja kwa miguu kutoka Ziwa Nyasa, katika misafara ya Wayao na wengine, mamia ya watu waliochoka wanaohitaji chakula, maji na mahali pa kulala. Kilomita mbili za mkondo zinaonekana ndogo kwako wewe uliyekaa, lakini jaribu kuvusha msafara mzima kwa madau, halafu uulishe kwenye kisiwa ambacho maji yake ni ya kipimo. Mfanyabiashara aliyejenga bara aliupokea msafara kwanza na kutaja bei kwanza. Uzio wa maji, ile faida iliyonunuliwa kwa nguo, sasa ulikuwa kero.

Lazima niseme waziwazi mzigo huo ulikuwa nini. Ulikuwa pembe, na ulikuwa watu. Katikati ya karne ya 19 Kivinje ilikuwa lango kubwa la watumwa waliopelekwa Unguja, maelfu kila mwaka. Kwa hiyo nikisema "watu walipima faida na hasara wakachagua Kivinje", wengi waliokanyaga Kivinje hawakupima chochote. Mtu aliyetembezwa kutoka karibu na Ziwa Nyasa akafika ufukweni hakuwa na safu ya faida. Mara nyingi makala za aina hii, yangu ikiwemo, huzungumza juu ya "wakazi" kana kwamba wote walikaa kwenye meza moja wakajadili. Ukisikia mahali panasifiwa kwamba palikuwa na nafasi nzuri kibiashara, uliza nani alikuwa mfanyabiashara na nani alikuwa biashara.

Na Kivinje ilikuwa na hasara ambayo hata wachaguzi wake hawakuwa na namna ya kuipima. Februari 1859 Richard Burton na John Speke walifika huko wakaikuta kipindupindu. Burton aliandika juu ya maiti zilizolala mabondeni, na moja iliyoegemea ukuta wa forodha. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kinachofuatilia milipuko ya aina hiyo, na akaonyesha kwamba ilisafiri kwa misafara na majahazi, yaani kwa njia zilezile za biashara. John Snow alikuwa amehusisha ugonjwa huo na maji ya kunywa mjini London mwaka 1854, lakini Robert Koch hakumtambulisha mdudu wake mpaka miaka ya 1883 na 1884. Leo tunajua bakteria huyo anaishi vizuri kwenye maji ya mchanganyiko wa baridi na chumvi, na kwamba anapenda mji wenye msongamano na visima vifupi. Tajiri wa Kivinje aliona wageni wengi na akahesabu faida. Hakujua kwamba wingi uleule ulikuwa pia kwenye safu ya pili.

Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Misafara ikajaribu kwenda kaskazini kwa nchi kavu, nayo ikapigwa marufuku 1876. Biashara ya mpira wa porini ikasaidia Kivinje kuishi. Wajerumani walipoingia hawakuhama. Waliifanya makao yao, na hapohapo ndipo walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya Novemba 1895. Miaka 10 baadaye Vita vya Maji Maji vilianzia kwenye vilima vya Matumbi, kaskazini magharibi ya mji huo.

Hamisho la pili naweza kulieleza haraka, kwa sababu ni la kwanza lililogeuzwa. Meli za chuma haziwezi kukaa juu ya tope. Kivinje ziliachwa mbali baharini, mizigo ikihamishwa kwa mashua, na kila kuhamisha ni gharama na hasara. Masoko inatazamana na kisiwa, kwa hiyo ina kina kilekile walichokitumia watu wa karne ya 14, na tena iko bara. Chini ya Waingereza ofisi za wilaya zikahamia huko. Ukikaa Masoko unapata bandari ya Kisiwani bila kero ya kuvuka. Ukiuliza kwa nini Wajerumani hawakuliona hilo, nadhani jibu ni kwamba mji uliokwisha kujengwa nao una uzito wake kwenye mizani: nyumba, misikiti, makaburi, madeni, majirani. Mpaka leo hospitali ya wilaya iko Kivinje. Ofisi ziliondoka, wagonjwa bado wanaelekea kulekule.

Kisiwani nako hakukuwahi kuwa patupu. Kuna kijiji, kuna wavuvi, kuna watoto wanaocheza kando ya msikiti mkuu. Magofu yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Bahari inaendelea kuula ukingo, na mikoko iliyopandwa inaendelea kubishana nayo. Anayeishi pale anapima mambo ambayo Ali bin al-Hasan hakuyapima: dau la saa ngapi, mgonjwa akizidiwa usiku, mtoto akifaulu kwenda sekondari.

Mizani yenyewe bado inacheza. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, na tangu hapo basi na lori haziungojei mto. Barabara kuu ya Lindi haigusi Kisiwani, haigusi Kivinje, haigusi Masoko. Inapita Nangurukuru, mahali ambapo njia ya Kivinje na Masoko inachepuka. Hakuna bahari pale, hakuna gofu, hakuna upepo wa maana. Kuna vibanda vya chakula, bodaboda zinazosubiri abiria, na malori yanayosimama usiku. Watu wanajenga.