Nani Kawapa Leseni? Historia ya Kibali cha Pombe Mitaani Kwetu Tanga



Juzi tulikuwa tunampima bibi harusi gauni kwenye fremu yetu, tukasikia matusi nje. Wanaume wawili wanagombana kwenye benchi la grosari ya jirani, na alasiri ndiyo kwanza imeadhiniwa. Watoto wa madrasa wanapita. Mama wa bibi harusi akatuuliza, "Hivi nani kawapa hawa leseni?" Tukanyamaza, hatukuwa na jibu. Leo tunalijibu.

Kwanza tusidanganyane. Pombe haikuja pwani kwa meli ya Mzungu. Wazee wetu ndio waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali haizuki hivi hivi. Minazi iligemwa Pangani, Tanga na kwingineko katika mwambao huu. Katazo liko wazi katika Surat al-Maida, aya ya 90, na aliyekunywa alijua anachokifanya.

Kilicholetwa na wakoloni ni karatasi ya kibali. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakakubaliana kuzuia vinywaji vikali katika sehemu za Afrika ambazo, kwa sababu ya dini au sababu nyingine, vilikuwa havijaenea. Yaani hata wao walikiri kuwa dini ya watu wa mahali ina uzito. Waingereza nao walipokabidhiwa Tanganyika, hati ya udhamini ya mwaka 1922 iliwataka wasimamie vikali uuzaji wa pombe kali.

Lakini usimamizi ule ulikuwa na rangi. Kwa miaka mingi Mwafrika alikatazwa pombe kali ambazo Mzungu alizinywa kwenye klabu yake. Mwafrika wa mjini aliachiwa vilabu vya pombe za kienyeji, navyo vililipiwa ada. Ada ikaingia kwenye mifuko ya watawala wa miji na wenyeji. Tuushike uzi huo, maana haujakatika: anayetoa kibali ndiye anayekula ada.

Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Ubaguzi ukawa haumo tena. Leseni zikagawanywa kwa aina: baa, hoteli, duka la kuuza chupa za kuondoka nazo, pombe za kienyeji. Uamuzi ukawekwa karibu na wananchi, kwenye mamlaka za leseni za wilaya na miji. Kwa miaka mingi leseni hizo zimetolewa kwa vipindi vya nusu mwaka, Oktoba hadi Machi na Aprili hadi Septemba. Dada, hapo pana siri kubwa: leseni si ndoa. Ina mwisho, na mwisho ukifika mwenye duka anarudi kuomba upya.

Tatizo ni kwamba pombe ilijifunza kupita pembeni ya leseni. Baa unaiona, ina taa na muziki. Kiroba kilikaa dukani kati ya sabuni na biskuti, bei yake mtoto anaimudu, na kikimalizwa kinatupwa mtaroni. Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba nchi nzima kuanzia tarehe 1 Machi. Wenzetu Kenya walikwishavikataza kwa sheria yao ya mwaka 2010, ambayo pia ilitaka duka la pombe liwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule. Viroba viliondoka, benchi likabaki. Duka limeruhusiwa kuuza chupa ya kuondoka nayo, wateja wanakaa hapo hapo mpaka usiku.

Tuwe waadilifu. Tanga si ya Waislamu peke yao, na jirani asiye wa dini yetu ana haki zake. Wapo pia wanawake wanaolea yatima kwa biashara hiyo. Hatuombi mji ufungwe. Tunauliza tu: kwa nini hapa, mlangoni pa madrasa? Na kwa nini saa hizi?

Swali hilo lina mahali pake. Lipo kwa mwenyekiti wa mtaa tuliyemchagua Novemba 2024, kwa mtendaji wa kata, kwa diwani. Wengi wetu mkutano wa mtaa ukiitishwa tunasema hayo ya wanaume, tunabaki jikoni. Halafu anayerudi amelewa anarudi kwetu, na fedha ya matumizi iliyoishia kwenye benchi ni yetu. Bibi harusi, unapokagua nyumba utakayohamia, usiangalie pazia tu. Angalia na jirani.

Sisi tumeshakubaliana wanawake sita wa mtaa huu. Kabla ya Machi kwisha tutakwenda ofisi ya kata, tumejistiri, kwa adabu, na barua mkononi. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.