Mkono wa Grubbe na saratani ya pili

Januari 2026 ilitimia miaka 130 tangu Emil Grubbe, mwanafunzi wa udaktari mjini Chicago, ampige eksirei mwanamke ambaye saratani yake ya titi ilikuwa imerudi baada ya upasuaji. Hata miezi mitatu ilikuwa haijapita tangu Röntgen agundue mionzi hiyo.

Angalau ndivyo alivyosimulia Grubbe mwenyewe. Alikuwa akitengeneza mirija ya umeme inayotoa mionzi hiyo, ngozi ya mkono ikambabuka, na daktari mmoja akamwambia kwamba kinachounguza nyama nzima huenda kikaua na uvimbe. Tatizo ni kwamba madai hayo ya kuwa wa kwanza kutibu kwa eksirei aliyachapisha rasmi mwaka 1933. Wafaransa wanaye Victor Despeignes wa Lyon, na Waaustria wanaye Leopold Freund. Hao waliandika mapema, wakati mambo bado mabichi. Paul Hodges, aliyeandika maisha ya Grubbe katika kitabu cha 1964, anamchora kama mtu wa majivuno ambaye maneno yake hayakuwa ya kuaminika sana. Nami naelekea kumwamini Hodges.

Lakini mkono haukudanganya. Grubbe alikatwa mkono wa kushoto, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 80, na saratani zikamwandama mpaka alipofariki mwaka 1960. Wala hakuwa wa kwanza: tangu 1902, Frieben wa Hamburg alikuwa ameeleza saratani ya ngozi katika mkono wa mfanyakazi wa kiwanda cha mirija ya eksirei.

Kwa wagonjwa, kutambua saratani ya pili, ile inayoletwa na tiba yenyewe, kulichelewa. Mwaka 1948 William Cahan na wenzake wa New York waliweka vigezo vya kuitambua: sarkoma, yaani saratani ya mifupa au tishu laini, iote palepale palipopigwa mionzi, baada ya miaka, na iwe ya aina tofauti na ugonjwa wa awali.

Mashine za leo zinalenga vizuri zaidi, na tiba ya mionzi inaokoa maisha, asiikimbie mtu. Mwaka 2017 utafiti ulioongozwa na Carolyn Taylor wa Oxford ulikadiria kwamba hatari ya saratani ya mapafu itokanayo na mionzi ya kutibu saratani ya titi ni takriban asilimia 4 kwa mwanamke anayeendelea kuvuta sigara, na asilimia 0.3 kwa asiyevuta. Basi swali la sigara liulizwe kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, na mgonjwa aondoke na karatasi inayoonyesha alipigwa wapi na kwa kiasi gani. Uvimbe ukijitokeza baada ya miaka 15, daktari mgeni ataanzia wapi bila karatasi hiyo?